Mgongo Umeamkaje?

Katika nyumba ya Fundi, mgongo ndio ulioamkiwa kwanza. Mkewe alifungua jicho moja, kabla hata ya kujinyoosha, akauliza, "Mgongo umeamkaje?" Binti yao, akipita na ndoo, alisimama kizingitini: "Shikamoo, baba. Mgongo je?" Na njiani, muuza mboga wa pale kona alipaza sauti toka ng'ambo ya barabara, "Fundi! Huo mgongo unasemaje leo?" Hata mtoto wa jirani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, kila alipomwona alishika kiuno chake mwenyewe na kukunja uso. Watu walicheka. Fundi naye alicheka, kwa tahadhari, maana kucheka sana nako kulimtia hofu.

Usidhani walimsimanga. Walimpenda. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, kutwa nzima akikoroga masufuria makubwa kuliko yeye, lakini kila asubuhi alipiga magoti sakafuni akamvisha mumewe viatu, kisha akamfunga mkanda mpana wa kiunoni na kuukaza kama anayefunga mzigo wa safari. Binti alichota maji yote ya nyumba. Kiti cha baba kiliwekewa mito miwili, na hakuna mgeni aliyethubutu kukikalia.

Yote hayo yalizaliwa na neno moja. Miaka mitatu nyuma Fundi aliinua mlango wa mbao ngumu peke yake, akasikia kitu kimelia kiunoni. Wakampeleka kwa mtu mmoja aliyesifika kwa kukanda viungo. Yule mtu alimbonyeza, akaguna, akatikisa kichwa. "Mgongo huu sasa ni kioo," alisema. "Ukiinama vibaya siku moja, hutainuka."

Maumivu ya siku ile yalipoa. Yakarudi. Yakapoa tena, yakarudi tena, mwisho yakahamia moja kwa moja. Picha za hospitali zilionyesha mifupa mizima, lakini picha haina mdomo, na yule mkandaji alikuwa na mdomo. Kioo kikakaa nao mezani, kikalala nao kitandani, kikaenda na Fundi kazini.

*

Karakana ilikuwa na mabenchi manne. La Fundi lilikuwa chini ya dirisha, penye mwanga mzuri wa asubuhi. Alilipigilia mwenyewe, na jiriwa yake ya kubania mbao ilikuwa imeng'aa mahali kiganja chake kilipozoea kushika. Kazi yake ilikuwa milango. Kuipima, kuikata, kuipiga randa, hayo bado aliyaweza akiwa amesimama wima kama askari. Kuinua mlango, kuupeleka kwa mwenyewe na kuupachika kwenye fremu, hapo ndipo alipoacha.

Aliyemfanyia hayo ni Msumari, fundi wa benchi la pili, mrefu, mwembamba, kichwa kidogo. Alibeba milango ya Fundi mpaka kwenye mkokoteni, akaenda kuipachika, akirudi akasema tu, "Mlango wako umekaa vizuri," kana kwamba mlango umejipeleka kwa miguu yake. Hakuwahi kudai asante. Ukimshukuru alijifanya anatafuta penseli.

Asubuhi moja mwenye karakana aliingia akifuta miwani yake kwa pindo la shati. Alikuwa mtu asiyependa ugomvi, na kila alipokuwa na neno baya alianza kwa kufuta miwani.

"Fundi, nimepata kazi ya bweni la shule ya wasichana. Milango ya vyumba vyote. Kila mtu atatengeneza ya kwake na kupachika ya kwake. Msumari hawezi kuwa na migongo miwili."

"Sijalalamika, Bosi," Msumari alisema.

"Hujalalamika, lakini kazi yako imelala. Nimeiona." Akarudia kuifuta miwani. "Kuna fundi mpya anaanza mwezi ujao. Nimemwahidi benchi."

"Benchi lipi?" Fundi aliuliza.

Mwenye karakana alitazama dirisha.

"Wewe utahamia kule nyuma," alisema, "kwenye msasa. Kazi ya kukaa. Hata mto wako unaweza kuja nao."

Kule nyuma kulikuwa na banda la bati walikopigia msasa miguu ya viti. Walikaa huko wanaojifunza kazi na waliokwisha kuichoka, na malipo yake yalifanana na kazi yenyewe. Fundi wa benchi la tatu, mtu wa utani usiochagua siku, aliita, "Jamani, Bwana Mito kapandishwa cheo!" Alicheka mwenyewe, halafu alipoona hakuna aliyemwitikia akarudi kwenye msumeno wake.

Fundi alihisi mgongo umewaka, kutoka kiunoni mpaka chini ya bega, kama waya uliotiwa motoni. Akashika ukingo wa benchi. Mwenye karakana aliona, akageuza macho pembeni, na kwa mtu kama yeye huko kulikuwa ni kumsitiri mwenzake.

"Bosi, nipe hilo bweni."

"Upachike mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa mgongo upi?"

"Huu huu. Sina mwingine wa akiba."

Msumari alicheka, na mwenye karakana naye akatabasamu kidogo, akavaa miwani. "Haya. Kazi ya bweni inaanza mwisho wa mwezi. Siku hiyo nikikuta mlango mmoja, mmoja tu, uliopachika kwa mikono yako, benchi ni lako. Nisipoukuta, tusilaumiane."

*

Mkewe aliposikia, hakugombeza. Alikwenda kumwombea nafasi kwa tabibu wa viungo kwenye zahanati, akatumaini tabibu atasema mtu huyu asiguswe, asihamishwe, aachwe na benchi lake kwa huruma. Walikwenda pamoja. Mke alitangulia kuingia na mto kwapani, akauweka kwenye kiti, akaupigapiga.

Tabibu alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya shati iliyokunjwa mpaka kwenye viwiko. Aliutazama mto, akamtazama Fundi. "Mto umeshaketi," alisema. "Haya na wewe, baba, keti."

Alimpima bila haraka. Alimgonga magoti, akamwambia amsukume kwa nyayo, akamkwaruza vidole vya miguu na ncha ya kalamu. Akamuuliza kama miguu inakufa ganzi au kulegea, kama haja ndogo inamtoka bila kujijua, kama ana homa, kama amekonda. Hapana, hapana, hapana. Akazishika zile picha za hospitali dirishani, moja moja.

"Mgongo wako ni mzima."

Uso wa Fundi ulibadilika. "Kwa hiyo naigiza?"

"Sijasema hivyo. Unaumwa. Hayo maumivu ni ya kweli, na anayesema unajisingizia nitamwambia mimi mwenyewe kwamba hajui. Ninachosema ni kwamba hakuna kinachovunjika. Kilichoumia siku ile kilipona zamani. Kilichobaki ni hofu, na hofu ndiyo inayoyapa maumivu chakula." Akavuta stuli, akaketi naye uso kwa uso. "Hebu niambie. Mara ya mwisho lini hukuumwa?"

"Hakuna siku," mkewe alijibu.

"Jumapili," alisema Fundi polepole, kana kwamba anajishangaa. "Nilicheza drafti na Msumari. Tulichuchumaa pale barazani karibu mchana kutwa. Alikuwa ananiibia kete, tukawa tunacheka."

"Kuchuchumaa mchana kutwa! Na ikawaje?"

Mkewe ndiye aliyesema, sauti imeshuka. "Mimi nilitoka ndani. Nikamwambia, baba, umekaa vibaya, utaumia."

"Akaumia?"

"Hapo hapo."

Machozi yalimlenga mkewe. Tabibu aliweka mkono juu ya mkono wake. "Hukukosa, mama. Mliambiwa kioo, nawe ukakishika kama kioo. Nani angefanya vingine?" Kisha akamgeukia Fundi. "Kazi yako nini, baba?"

"Milango."

"Mlango ukilia kila ukifunguliwa, unaanguka?"

"Hauanguki. Bawaba ni kavu tu." Fundi alikuwa sasa kwenye maneno yake. "Mlango unaoanguka mara nyingi hata haulii. Unalegea taratibu, unaona unakwaruza sakafu. Ule wa kelele unaweza kukaa miaka na miaka. Kelele za mlango haziniwasi usingizi, ndivyo wanavyosema watu."

"Na wewe huu wako unakuwasi."

Fundi akatazama viatu vyake, vile alivyovishwa.

Tabibu alimweleza kwa maneno rahisi. Avue mkanda. Atembee, ainame, abebe, aanze na vidogo na kuongeza. Maumivu yakija, asipigane nayo, asiyabembeleze, asiyapime kama yamepungua. Ayaambie nimewasikia, aendelee na alichokuwa anafanya, kama mtu anayefanya kazi karibu na redio ya jirani. Kuna siku yatapiga kelele zaidi, hiyo isimtishe. "Miguu ikilegea au ganzi ikikuingia, njoo kwangu siku hiyo hiyo. Mengine yote, yape kisogo." Akamalizia kwa mke: "Nanyi wa nyumbani, msiulize tena habari za mgongo."

"Nisimuulize mume wangu anaumwaje? Watu watasema nimemchoka!"

"Waache waseme, mama."

*

Kesho yake asubuhi nyumba ilikuwa kimya kama yenye msiba. Mke alifungua jicho, akafungua mdomo, akaufunga. Akainuka, akaenda jikoni, viatu vya mumewe akaviacha vimesimama katikati ya chumba. Binti alipita na ndoo, macho ukutani. Fundi akakohoa ili aulizwe. Hakuna. Chai iliwekwa mbele yake, na mkono ulioiweka ukarudi haraka kana kwamba umegusa jiko. Pale kona, muuza mboga alipomwona aliinama, akaanza kupanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri tu. Mke wa Fundi alikuwa amepita jana jioni akautahadharisha mtaa mzima.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mgongo, badala ya kupoa, ukawaka kuliko zamani. Siku ya tatu Fundi aliweka kikombe chini.

"Kwani nimekufa?"

"Mungu apishe mbali!" mkewe alishtuka. "Maneno gani hayo?"

"Mnanipita kama mnavyolipita kabati. Hata salamu?"

"Tumeambiwa tusiulize!"

"Mmeambiwa msiuulize mgongo. Mimi je?"

Mkewe alibaki amesimama na birika mkononi. "Sasa nikuulize nini?" alisema, sauti ndogo kabisa. "Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza mgongo. La kukuuliza wewe limenitoka."

Binti alianza kucheka, akaona mama yake hacheki, akajiziba mdomo.

Fundi alipekua humo ndani yake, akakuta aibu tu. Yeye alikuwa amemuuliza nani, na kitu gani, tangu lini? Aliamkiwa, akatoa taarifa ya mgongo, mazungumzo yakaisha hapo.

"Basi nianze mimi," alisema. "Wewe, mke wangu, umeamkaje?"

"Sijambo," alisema upesi. Kisha akaweka birika chini, akavuta kiti. Ilionekana swali lilikuwa limemfikia mahali ambapo hapakuwa pamefikiwa siku nyingi. Alisema bomba la moshi la jiko la shule limeziba, na macho yanamwasha. Alisema kuna mtoto wa darasa la kwanza anayekuja dirishani kila mchana si kuomba nyongeza, bali kumwambia asante, mama wa uji. Alisema magoti yanamsumbua.

"Magoti? Kwa nini hukusema?"

"Nani atalisikia goti, nyumba ina mgongo?"

Hapo wakacheka wote watatu, na binti akasema, "Mama, taratibu, lisisikie likataka mito yake." Mama akamchapa bega kwa kitambaa cha jikoni. Fundi alicheka mpaka akaegemea meza, na alikuwa ameshamaliza kucheka alipokumbuka kuogopa.

Asubuhi hiyo alivaa viatu mwenyewe. Hilo si jambo la kusimuliwa, mtu mzima kuvaa viatu, lakini alitoka jasho. Aliinama, mgongo ukampigia kelele, akasimama, akainama tena. Kamba ya kushoto ilimteleza. Mkewe alisimama mlangoni amejifunga mikono kwapani, ameibana hasa, isije ikamkimbilia. Kumwacha hivyo kulimgharimu kuliko kupiga magoti.

*

Kazi ikaanza. Mkanda ulibaki kabatini. Fundi alichota nusu ndoo, kisha ndoo. Karakanani aliokota mbao zake mwenyewe sakafuni, akabeba fremu mpaka uani na kurudi. Maumivu yalikuja, akayaambia nimewasikia, akashika randa.

Lakini kusema ni rahisi. Aliyaambia nimewasikia huku akiyatazama kwa kona ya jicho kama yanaondoka. Akipiga randa mara nne tano alisimama, akasikiliza kiunoni: yamepungua? Bado. Akikuta bado, alikasirika, akikasirika, yalizidi. Jioni moja alimwambia Msumari kwamba kupuuza amepuuza, wala haioni faida.

Msumari alikuwa anakusanya maranda kwa ufagio. "Fundi, mgeni aliyekuganda nyumbani, ukimchungulia kila saa kama amefunga mizigo, ataona yeye ndiye mtu muhimu humu ndani."

"Sasa nimfanyeje?"

"Si una kazi? Fanya kazi. Akikaa, akae. Chakula chako kula, usingizi wako lala." Akaegemeza ufagio. "Mimi mama mkwe wangu alikuja kwa wiki, akakaa mwaka."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimzoea. Sasa kaondoka, namkumbuka hata uchokozi wake. Ila wewe wako usimkumbuke."

Neno lile lilimkaa Fundi. Alianza kuacha kusikiliza. Si kila mara, wala si kwa mkupuo. Lakini kulikuwa na asubuhi nzima nzima alizozimaliza kwenye mbao, harufu ya gundi puani, akibishana na Msumari kuhusu upana wa fremu, na mgongo ukisema yake huko nyuma kama mtu anayeongea peke yake.

Halafu, siku chache kabla ya bweni, aliamka akakuta hawezi kugeuka. Mwili ulikuwa umekakamaa kama ubao. Akajaribu kuinua kichwa, ukampiga pigo lililomtoa machozi. Neno kioo likarudi, na sauti ya yule mkandaji pamoja nalo: hutainuka. Aliona banda la bati, vumbi, miguu ya viti isiyo na mwisho.

Mkewe alijua bila kuambiwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliikalia mikono yake.

"Miguu unaihisi?"

"Naihisi. Yote miwili."

"Ganzi?"

"Hakuna."

"Tabibu alisema siku kama hii itakuja?"

"Alisema."

"Basi imekuja. Siyo ngeni." Alivuta pumzi. Alikuwa na hofu kumzidi, na mumewe aliiona, akaona pia jinsi alivyoimeza. "Alisema tufanyeje?"

"Tuendelee."

"Basi endelea kidogo. Geuka ubavu tu. Mimi siondoki hapa, na wala sikushiki."

Akageuka ubavu. Ilimchukua muda mrefu, na katikati alitukana, jambo ambalo si kawaida yake. Akaketi. Akasimama akishika ukuta. Hakuna kilichovunjika. Alikuwa mtu anayeumwa, amesimama chumbani kwake asubuhi. Mkewe akamuuliza, kama vile siku nyingine yoyote, "Chai utakunywa na nini?" Fundi akajibu, na wote wawili walijua kwamba lile swali lilikuwa zito kulitoa. Alichelewa kazini, lakini alikwenda.

*

Siku ya bweni Fundi alifika asubuhi na kisanduku chake cha vyombo. Jengo lilinuka rangi mbichi na saruji. Ukumbi ulikuwa mrefu, fremu zimejipanga kushoto na kulia, na milango yake imeegemezwa ukutani, imefunikwa gunia. Yote isipokuwa mmoja. Kwenye chumba cha kwanza, fremu ya kwanza kati ya alizopangiwa yeye, mlango wake ulikuwa umeshapachikwa. Bawaba tatu, skrubu zote zimekazwa, mlango umekaa sawa sawa.

Msumari alikuwa ameketi kwenye ndoo ya rangi tupu, anapuliza vumbi kwenye patasi.

"Ni wewe?"

"Mimi nini? Nimekuta hivyo." Akaona uso wa mwenzake, akashusha sauti. "Sikiliza. Jana hukuweza hata kuinua kisanduku hicho. Nilikuona. Bosi anataka mlango mmoja, mlango ndio huo. Ukishapata benchi, utapachika mingine mwaka mzima polepole. Nani atajua?"

Kabla Fundi hajajibu, viatu vya mwenye karakana vilisikika ukumbini. Aliingia, akaona mlango, uso ukafunguka. Alikuwa mtu ambaye angefurahi sana asilazimike kumwondoa mtu yeyote popote.

"Huu wa nani?"

"Wa Fundi," alisema Msumari.

Mwenye karakana aliufungua, akaufunga. Akaupima kwa jicho juu na chini. "Safi kabisa. Fundi, hongera. Basi mambo yamekwisha, benchi..."

Mgongo wa Fundi ulikuwa unawaka toka alipotoka nyumbani. Alihitaji kunyamaza tu. Rafiki yake alikuwa amekwisha kusema uongo, na kuukana mbele ya bosi ni kumvua nguo mtu aliyembebea mzigo miaka mitatu. Aliyajua yote mawili. Akajua na la tatu: akinyamaza, kesho ataamka na kioo kile kile, benchi chini ya dirisha na kioo juu yake.

"Bosi," alisema. "Mlango nimeutengeneza mimi. Aliyeupachika ni Msumari. Amenionea huruma, na huruma yake naijua tangu zamani, haijapungua. Wangu ni huu." Akaonyesha fremu ya chumba cha pili.

Msumari alianza kutafuta penseli.

Mwenye karakana alivua miwani, akaifuta. Hakukasirika, au kama alikasirika hakuona aanzie wapi. "Nina mtu wa vioo vya madirisha ananisubiri kule chini," alisema. "Nitapita tena." Akaondoka.

"Umeniumbua," Msumari alisema.

"Najua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Na ukianguka?"

"Ukinishika kabla sijaanguka, hatutajua kamwe."

Msumari alisonya, akaingia chumba cha pili, akageukia dirishani, akakunja mikono. Lakini hakutoka chumbani.

Fundi alivua gunia. Aliukumbatia mlango, akapinda magoti, akauinua. Maumivu yalikuja yote kwa pamoja, na hofu nyuma yake ikipiga makofi. Nimewasikia, alisema, safari hii hata hakusema kwa hasira. Akautembeza mlango mpaka kwenye fremu, akausimamisha juu ya kabari, akasogeza kidogo kushoto. Ukakaa. Skrubu ya bawaba ya juu ikaingia. Ya pili. Bisibisi iliteleza kwa jasho la kiganja, akajifuta kwenye suruali. Bawaba ya katikati. Alipofika ya chini ilibidi achuchumae, na huko chini mgongo ukapiga ukelele ambao zamani ungempeleka kitandani kwa wiki. Alikaa hapo hapo. Tundu la skrubu lilikuwa limetobolewa kidogo pembeni, kosa lake mwenyewe, na kosa hilo lilimuudhi kuliko mgongo. Akaanza kulirekebisha. Alitoboa tena, akapuliza vumbi, akalaumu mkono wake wa kushoto kwa sauti, na Msumari kule dirishani akasema hajawahi kuona fundi anayetoboa kama panya.

"Panya atakushinda wewe kwenye drafti," Fundi alijibu bila kugeuka.

Hakusikia viatu. Mwenye karakana alikuwa amerudi, amesimama ndani ya chumba, anamtazama mtu aliyechuchumaa chini ya mlango, shati limeloa mgongoni, skrubu mbili zimebanwa midomoni.

"Unaumwa?" aliuliza.

Fundi alitoa skrubu mdomoni. "Naumwa."

"Sana?"

"Bosi, kabari inaniteleza. Ushike huo mlango hapo kwenye kitasa."

Mwenye karakana alitazama nyuma kana kwamba ameambiwa mtu mwingine. Msumari alikuwa bado amekunja mikono. Basi akaushika, kwa mikono miwili, miwani ikimtelezea puani na hana mkono wa kuirudisha.

"Yule fundi mpya," alisema, akiwa bado ameushika, "nitamtafutia benchi jingine."

"Sawa, Bosi. Inua kidogo. Hapo. Usiuachie mpaka nikwambie," alisema Fundi, akarudisha skrubu moja mdomoni na kuanza kukaza nyingine.